Kufunga shokapu na springi za gari lingine nyumbani: maswali yanayorudi kila siku

Nakaa Uyole, Mbeya, nina Toyota IST ya 2004, miguu ya mbele (yaani shokapu na springi zake) nimeifunga mwenyewe hapa uani na ya nyuma nilisaidiana na jirani mwenye Probox. Toka hapo majirani, watu wa kazini hadi shemeji wa Mafinga wananiuliza yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndo zimejaa huku kwetu, ila vipimo na tahadhari ni vya gari yoyote.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwani kwa nini mtu afunge miguu ya gari lingine, si anunue ya gari yake?

Kama ipo na hela ipo, nunua ya gari yako, hilo halina mjadala. Tatizo unazunguka maduka ya Mwanjelwa yote unaambiwa ya gari yako hamna ila ya Probox ipo, au unataka gari inyanyuke kidogo maana kila ukienda shamba tumbo linakwangua, au unabeba viazi na nyuma inalala. Hizo ndo sababu tatu ninazozisikia, na kila moja ina jibu lake. Aliyekosa spea anatafuta inayofanana kwa vipimo, anayetaka kunyanyua aangalie swali la 11 mpaka la 13, na wa mzigo asome pia la 18.

2. Gari zipi zinaazimana miguu?

Angalia ukoo. Vitz ya kwanza (ya 1999 mpaka 2005), Platz, Funcargo, bB, IST ya kwanza na Probox na Succeed za 2002 zimejengwa kwenye msingi mmoja, zote zina shokapu ya mbele iliyobeba springi, ndo maana watu wanahamishiana. Mark II, Chaser na Cresta za miaka ya 1996 hadi 2000 ni ndugu wa tumbo moja. Passo na Daihatsu Boon ni gari moja yenye majina mawili. Subaru Impreza na Forester nazo zinaazimana sana, watu wanafunga shokapu za Forester kwenye Impreza ili inyanyuke.

Ila ukoo mmoja sio spea moja. IST ya kuvuta mbele na IST ya 4WD tayari nyuma hazifanani, na Probox nyuma ina ekseli ngumu iliyoshikwa na mikono minne wakati IST ya kuvuta mbele ina boriti moja inayojipinda, kwa hiyo usidhani kilichokubali mbele kitakubali na nyuma.

3. Mashimo yakilingana na bolti zikaingia, si basi imekubali?

Hapana, na hapa naomba usome taratibu. Spea isiyoingia haimdhuru mtu, unairudisha dukani. Inayoumiza ni ile inayoingia vizuri kabisa halafu ina urefu tofauti, au kiti cha springi kimekaa juu zaidi, au kishikio cha mpira wa breki (ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu) kiko upande mwingine. Gari inatoka uani, inapita matuta ya Uyole vizuri, kasoro inajionyesha ukiwa unashuka Mlima Nyoka na mzigo. Kwangu mimi spea imekubali pale tairi likining'inia mpaka mwisho, likipanda mpaka mwisho, stelingi ikikatwa kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, na hakuna kitu kinachovutika, kinachogusa wala kinachocheza.

## Kununua

4. Nitajuaje shokapu niliyopewa ni ya gari gani?

Kwanza jua gari yako mwenyewe. Fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya fremu, zile herufi za mbele ndo muhimu. IST ni NCP60 (injini ya 1.3), NCP61 (1.5) au NCP65, hii ya mwisho ndo 4WD. Probox ni NCP50, NCP51, na NCP55 ni 4WD. Ukimwambia muuza spea "nataka ya IST" umemwambia nusu, mwambie NCP61.

Halafu tafuta namba kwenye spea yenyewe. Namba za Toyota zina tarakimu 5 za mwanzo zinazosema ni kitu gani na 5 za mwisho zinazosema ni cha gari ipi. 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ni ya mbele kushoto, 48131 ni springi ya mbele, 48231 ni springi ya nyuma. Kwa hiyo ukipewa "pea" halafu zote mbili zinaanza na 48510 umepewa za upande mmoja, irudishe hapohapo. Stika ikiwa imetoka, futa kutu na matope kwa kitambaa chenye dizeli, mara nyingi namba imegongwa kwenye chuma.

5. Napima nini dukani kabla sijatoa hela?

Nenda na shokapu yako ya zamani, hata kama imekufa na inavuja mafuta mpaka inachafua buti, ifunge kwenye kiroba uende nayo. Kupima kwa kukumbuka hakuna. Zilaze mbili chini sambamba, viti vya springi vikiangalia upande mmoja.

Anza na yale mashimo mawili ya chini, pale inapofungwa kwenye chuma kinachoshika habu (kitovu cha gurudumu). Usihangaike kutafuta katikati ya shimo, pima toka ukingo wa juu wa shimo la juu mpaka ukingo wa juu wa shimo la chini, kama mashimo ni ya saizi moja hapo umepata umbali wa kati kwa kati bila kukosea. Pima unene wa bolti na nafasi ya ule mdomo unaobana, maana mdomo mpana ukiulazimisha kwa kukaza nati unapinda na kemba ya tairi (jinsi linavyoegemea ndani au nje) inahama.

Kisha urefu, mara mbili: fimbo ikiwa imetoka yote na ikiwa imezama yote. Ikiwa ndefu kuliko springi yako, gari ikipanda tuta tairi likaning'inia springi inalegea kwenye kiti chake na inaweza kurudi imekaa pembeni, utasikia inapiga "kling" kila ikishuka. Ikiwa fupi, inafika mwisho kabla ya raba ya kuzuia na kila shimo linakuja moja kwa moja kwenye bodi. Angalia pia kiti cha springi kina upana gani na kiko juu kiasi gani toka mashimo ya chini, kwa sababu kiti kikipanda sentimita 2 gari nayo inapanda kama hizohizo, hata kama springi ni yako ileile.

Mwisho vile vitu vidogo ambavyo watu wanavipita: kishikio cha stabilaiza linki (kile kifimbo kinachounganisha shokapu na stabilaiza), kishikio cha mpira wa breki, kijishikio cha waya wa ABS, unene wa fimbo ya juu na uzi wake, na maunti ya juu (pale shokapu inapofungwa kwenye bodi) ina nati ngapi. Nimeona mtu amepata kila kitu sawa ila linki imekaa chini zaidi, akiendesha inagusa mpira wa draifu shafti, wiki mbili mpira umechanika grisi yote nje.

6. Mtumba wa Japani au mpya?

Springi ya mtumba sina shida nayo kama haina ufa, haijaliwa na kutu na haijawahi kukatwa. Shokapu ya mtumba ndo inataka macho. Isimamishe, sukuma fimbo mpaka chini halafu iachie, ya gesi inatakiwa kurudi yenyewe taratibu bila kukwama katikati, na ukiivuta na kuisukuma uzito uwe uleule njia nzima. Pakiwa na sehemu inateleza bure bila kuzuia, ndani imekwisha. Fimbo pitisha ukucha, ukisikia mkwaruzo iache, maana utakata sili na mafuta yatatoka.

Ukipata shokapu imekamilika na springi yake na maunti juu ni bora zaidi kwa anayefunga nyumbani, inakuondolea kabisa kazi ya kubana springi ya swali la 8.

7. Naweza kubadili upande mmoja tu?

Hapana. Mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Upande mmoja wa Probox na mwingine wa IST ukifunga breki kwenye mvua gari inakuvuta upande.

## Kazi ya uani

8. Springi naibanaje?

Kwa kibana springi, kile cha makucha na uzi mrefu, viwili, kimoja kila upande vikiangaliana. Unakaza huku mizunguko michache, unahamia kule michache, hivyohivyo mpaka springi inalegea kwenye kiti chake na unaweza kuizungusha kwa mkono. Hapo ndo unafungua nati ya katikati. Ukishabana usiielekeze usoni wala kwa mtoto aliyekuja kuangalia, na usitumie mashine ya kukazia.

Kamba, mnyororo na waya wa kufungia mzigo havibani springi. Springi ya gari ndogo imebeba uzito wa robo ya gari, ikichomoka inavunja taya. Kama huna kibana cha uhakika fungua shokapu nzima kwenye gari, ibebe na springi yake ndani, mpelekee fundi wa miguu akubadilishie hapo kwake, urudi nayo ufunge mwenyewe, ni kazi ya dakika chache kwake. Na ukiwa unaifungua kwenye gari, gari nyingi juu kuna nati tatu pembeni, hizo ndo za kufungua, ya katikati usiiguse. Kuna gari ambazo ya katikati ndo imeshika kila kitu, kama hujui yako iko kundi gani muulize fundi kwanza.

Gari yenyewe isimame kwenye stendi, sehemu tambarare, na kabari kwenye tairi za upande wa pili. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi barabarani, sio ya kuingiza kichwa chini. Viwanja vingi vya huku vina mteremko na udongo mlaini, weka ubao mpana chini ya stendi isizame.

9. Ni hatua gani watu wengi wanaikosea?

Kukaza bushi gari ikiwa hewani. Bushi ya mkono wa chini ni raba iliyogandishwa kwenye vyuma viwili, haizunguki, inajipinda tu. Ukiikaza tairi likiwa limening'inia umeiambia hapo ndo nyumbani kwake, ukishusha gari inapindika muda wote hata ikiwa imepaki, miezi michache imechanika na wewe unalaumu spea. Bolti zote za bushi unaziingiza kwa mkono, unaziacha zimelegea kidogo, unarudisha tairi, unashusha gari, unaitikisa ikae sawa, ndo unaingia kukaza. Kama hufikii chini, weka jeki ya pili chini ya mkono karibu na boljointi uinyanyue mpaka gari inaanza kuacha stendi, halafu kaza.

Bolti mbili za shokapu kule chini hizo zinakazwa popote maana hazina raba. Nati za tairi kwa IST na Vitz ni nyutoni mita 103, ukiwa na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) itumie, na baada ya kama kilomita 100 kaza tena. Na usichanganye nati: Toyota ni uzi wa 12 kwa 1.5, Subaru, Nissan na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Ya mwenzake inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inakula uzi.

10. Mpira wa breki nitaukaguaje?

Hili lilinikuta. Shokapu zangu za kwanza nilizonunua zilikuwa sawa kwa kila kipimo nilichojua wakati huo, mashimo yameitikia, springi imekaa, nikafurahi. Kabla sijarudisha tairi nikakata stelingi yote kulia gurudumu likiwa limening'inia, nikaona mpira wa breki wa kushoto umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nikiugusa unalia. Kishikio chake kilikuwa juu zaidi ya cha zamani kwa vidole viwili. Muuzaji alikataa kurudisha hela, na bado nashukuru niliona nikiwa uani na sio kwenye mteremko wa Kitonga.

Kwa hiyo habu ikining'inia mpaka mwisho, kata stelingi pande zote mbili, mpira ubaki na ulegevu unaouona kwa macho na usisugue tairi, rimu wala springi. Usiukate kishikio ukaufunga kwa kamba ya plastiki, na usimwache mtu achomelee kishikio kwenye mwili wa shokapu, ndani kuna mafuta na gesi.

## Kunyanyua na kuongeza ugumu

11. Springi za Probox zitanyanyua IST yangu?

Mara nyingi ndo watu wanachotaka, na sababu yake iko wazi: Probox ya biashara ilitengenezwa kubeba mpaka kilo 400 za mzigo nyuma, kwa hiyo nyuma springi zake ni ngumu. Kwenye IST yenye watu wawili springi ngumu ya nyuma inafanya gari iruke kwenye rafu rodi na tairi linaacha barabara, na tairi lililo hewani halishiki breki.

Mimi nimepima kwa kaliba kabla ya chochote. Waya wa springi ukitoka milimita 11 ukawa 12, mizunguko na upana vikiwa vilevile, ugumu unaongezeka kwa kama asilimia 40. Milimita moja tu. Shokapu ya zamani haina uwezo wa kutuliza springi hiyo, kwa hiyo springi ngumu inataka shokapu yake.

12. Nikikata springi au nikiichoma kwa gesi?

Usifanye. Ukikata mzunguko gari inashuka na springi inakuwa ngumu kwa wakati mmoja, na ile ncha iliyokatwa haikai kwenye kiti chake. Kuchoma kwa gesi ni kubaya zaidi, chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa kipimo, ukikipasha moto upya kinapoteza ubishi wake, kinalala au kinavunjika.

13. Spesa je? Au niweke tairi kubwa?

Kwa gari yenye shokapu iliyobeba springi, spesa ya sentimita 2 juu ya maunti inanyanyua karibu sentimita 2. Kwa gari za mikono miwili kama Prado spesa hiyohiyo inanyanyua zaidi, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono na sio mwisho, kwa hiyo usichukue kipimo cha IST ukapeleka kwenye Prado. Zaidi ya sentimita 3 kwenye gari ndogo mimi sishauri, draifu shafti zinakaa kwa pembe kali na zinaanza kulia ukikata kona.

Tairi inasaidia kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Toka 185/65R15 kwenda 195/65R15 kipenyo kinaongezeka milimita 13, gari inanyanyuka nusu yake, 6 na nusu, na spidi mita nayo inasoma pungufu.

Ukishanyanyua chochote rekebisha taa. Ukinyanyua mbele tu, kwenye ukungu wa Uporoto usiku unampofua anayekuja.

## Ikishafungwa

14. Nimefunga, sasa inagonga kwenye matuta. Ni nini?

Sauti kavu ya "tok" kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni linki au nati ya juu haijakazwa. "Kling" gari ikishuka toka kwenye tuta ni springi kulegea, rudi swali la 5 kwenye urefu. Stelingi ikikatwa na springi ikaruka na kupiga "dung", beringi ya maunti imekwama au springi haijakaa kwenye mwanzo wa kiti. Mlio wa raba asubuhi ya Juni na Julai huku juu, ukipotea baada ya kilomita chache, ni raba zimekakamaa kwa baridi, huo usikunyime usingizi.

15. Alaimenti ni lazima?

Lazima, hata kama gari inaenda imenyooka. Kunyanyua au kushusha kunabadili mkao wa tairi ndani na nje, na tairi mpya inaweza kuisha upande wa ndani bila wewe kuona. Kabla ya kufungua, chora alama kwa rangi ya kucha kwenye vichwa vya bolti na pale shokapu inapokutana na chuma cha habu, itakufikisha kwa mtu wa alaimenti ukiwa karibu na ulipokuwa. Kwa Subaru alama hiyo ni ya muhimu zaidi, bolti ya juu ina yai (sio duara kamili), ukiizungusha kemba inahama.

## Kesi za pembeni

16. Forester yangu nyuma imelala baada ya kuweka shokapu za kawaida.

Forester nyingi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe ukibeba mzigo, na kwa sababu shokapu ndo inasaidia kubeba, springi zake zimetengenezwa laini. Ukitoa hizo ukaweka za kawaida na springi ukaziacha, nyuma inalala. Badili springi pia, chukua za Forester isiyo na mfumo huo.

17. Harrier yangu ni ya upepo (ina mifuko ya upepo badala ya springi), naweza kuweka springi?

Inawezekana na wengi wanafanya, ila sio springi tu. Unahitaji shokapu, springi, maunti na viti vyake toka Harrier ya kawaida ya umbo hilohilo, kona zote nne, na kompresa yake uizime vizuri na fundi umeme, sio kuchomoa fyuzi unayoihisi. Usichanganye mbele springi nyuma upepo.

18. Pikapu yangu nimeongeza springi bapa nyuma, kuna la kuangalia?

Lipo, na huku kwenye milima ni kubwa. Hilux na Hiace nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari ikilala kwa mzigo fimbo inaiambia valvu iongeze breki za nyuma, gari ikiwa juu inapunguza. Ukinyanyua nyuma kwa springi za gari kubwa, valvu inaona gari tupu hata ukiwa umejaza mbao za Mafinga, breki za nyuma zinapungua, za mbele zinabeba peke yake na Kitonga zinachemka. Chungulia chini ya chesesi karibu na ekseli, kama fimbo ipo, fundi wa breki airekebishe ilingane na urefu mpya. Wengine wanaichomoa na kuifunga kwa waya, hiyo hapana, nyuma inafunga gari ikiwa tupu na inageuka.

19. Bima na trafiki wanasemaje?

Kama una bima kubwa waandikie ukiwaeleza ulichobadili na ubaki na jibu lao. Kwenye ukaguzi, kinachokamatisha gari ni kinachocheza, kinachovuja na kinachogusa, na kinachocheza na kinachogusa umeshavikagua kwenye swali la 3.

20. Nitajuaje hii kazi niiache?

Iache kama bolti inabidi itanuliwe tundu, kama kuna kitu kinataka kuchomelewa, kama vipimo vimetofautiana hata kimoja na muuzaji anakwambia "itakubali tu", na kama uko peke yako nyumbani. Mimi huwa namwita jirani akae pale kwenye kigoda, hata asishike spana, ili jeki ikiteleza kuwe na mtu.